Kadi Iliyojifungua Mara Mbili

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya fisi kuposa kwa sungura. Zamani ya juzijuzi, kompyuta zimeshaingia maofisini na watu wameshajifunza kuzisingizia, palikuwa na mwanamke aliyeongoza mfuko wa bima ya afya. Jina lake Tusajigwe Mwakibete. Mbele yake aliitwa Mama Mkurugenzi. Nyuma yake aliitwa Mama Meno, naye alijua, na jina hilo la pili alilipenda kuliko la kwanza.

Sogeeni, mkae vizuri, maana mwishoni mtaulizwa swali, na atakayejibu "inategemea" atakuwa hakusikiliza.

Tusajigwe alizaliwa Ikobe, kwenye vilima vya chai vya kusini, wakati barabara ya Ikobe ilikuwa bado inaishi kwenye hotuba za wagombea. Mgonjwa wa Ikobe alibebwa kwa machela: mianzi miwili, blanketi katikati, watu wanne, saa tano za kushuka hadi hospitali. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kubeba. Nyumba iliyobeba ilibebwa. Nyumba iliyokwepa zamu ilikumbukwa. Hakuna aliyeandika haya mahali, na hakuna aliyeyasahau. Tusajigwe alikuwa na miaka tisa mama yake aliposhushwa hivyo, tumboni ana mtoto aliyekaa vibaya, na yeye akafuata nyuma na sufuria kichwani, akihesabu watu wanaopokezana. Walifika kumi na sita. Mama akapona, mtoto akapona, na msichana akarudi nyumbani na hesabu ile kichwani kwake.

Akasoma, akasoma tena, akafika chuo kikuu, akasomea hisabati za bima. Siku ya kwanza profesa alijaza ubao mzima akieleza bima ni kitu gani na ilivumbuliwa na nani huko ng'ambo. Tusajigwe aliandika neno moja daftarini, "machela", akafunga daftari, akaanza kufikiria chakula cha mchana.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, kampuni kubwa, ghorofa ya kumi na moja, baridi ya kuvalia sweta. Huko alijifunza kukataa kwa adabu. Barua zake zilianza hivi: "Tunathamini sana uanachama wako," na mgonjwa akishafika kwenye koma hiyo alijua yamekwisha. Aliziandika miaka sita. Alipandishwa cheo mara tatu kwa jinsi alivyoziandika vizuri. Zikawa nyingi hata saini yake ikachongewa muhuri, karani akawa anagonga tu. Halafu ikamfikia nyumbani moja ya barua hizo, ya kukataa matibabu ya baba yake mzazi, na saini yake mwenyewe chini, imegongwa upande kidogo. Aliisoma mara mbili. Alikiri kwamba imeandikwa vizuri sana. Kesho yake aliacha kazi.

Akarudi Ikobe. Kwenye banda la kupimia majani ya chai, akiwa na meza moja na wanawake arobaini wachuma chai, akaanzisha Mfuko wa Machela. Mkurugenzi yeye, karani wa dirishani yeye, mfagizi yeye. Wanaume wa Ikobe walimcheka kwamba amesoma miaka yote ile ili aje kuwauzia kitu walichokuwa nacho bure. Yeye akawajibu kwamba wao wana machela, lakini huko chini hospitalini hakuna anayezijua zamu zao. Mwaka wa pili wake zao walijiunga. Mwaka wa tatu wakajiunga wao, kimyakimya, kama watu waliopita tu kusalimia.

Mwaka huo wa tatu ndio wa meno. Tusajigwe alikuwa anapitia madai, akakuta kadi moja imeng'olewa meno arobaini na moja. Binadamu aliyekamilika ana meno thelathini na mawili. Akamwita mwenye kadi, mzee Mwasandube, akamwomba afungue kinywa. Meno yote yalikuwemo, makubwa, meupe, hata linalotikisika halikuwepo. Mzee hakuona aibu hata kidogo. Alisema kadi ile ni ya kitongoji, kama machela ilivyokuwa ya kitongoji, na akauliza, kwa mshangao wa kweli, kama binti yake huyu amesahau kwao.

Hakuwa amesahau. Lakini mwaka ule mfuko ulikaribia kufa, kwa sababu kila kadi ilikuwa ya kitongoji. Ndipo Tusajigwe akatunga sheria, akaisoma mwenyewe bandani mbele ya wachuma chai: kadi moja, uso mmoja. Anayeazimisha kadi yuko nje miaka miwili. Karani anayefumba macho, kazi yake imekwisha. Anayetoa idhini kwa kadi iliyofungwa, kazi yake imekwisha pia. Na kwenye kadi wataingia mwenye kadi, mwenzi wake, watoto wake na wazazi wake. Basi. Wanawake walimsikiliza kimya, kile kimya cha kumwonyesha mtu mgongo huku unamtazama usoni. Akabaki Mama Meno tangu siku hiyo. Na mfuko ukapona, ukakua, ukatoka bandani, ukajenga ofisi, ukaenea mikoa mitatu. Miaka ishirini na miwili.

Sasa Tusajigwe ametimiza sitini. Bodi ikampa fomu ya kumpendekeza mrithi wa kiti chake. Sharti lilikuwa moja tu, alilolitaka mwenyewe: mrithi awe ametumikia mfuko miaka kumi, awe na cheo au asiwe nacho, kwa sababu mkurugenzi wa kwanza alianzia dirishani. Fomu ilikuwa na mstari mmoja. Jina moja. Bodi iliahidi kulipitisha jina atakaloandika bila kubishana, na wajumbe wa bodi ile walikuwa watu wa kubishana hata juu ya chai iletwe na maziwa au bila. Kwa hiyo lililobaki mikononi mwake lilikuwa hilo moja: mfuko wake utakwenda na nani.

Hakuwa na wasiwasi. Alishaamua moyoni.

Halafu ikaja Jumatatu ya mwezi wa saba.

Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, mchuma chai aitwaye Tumpe Mwaisaka alifikishwa hospitali moja ya milimani akiwa na mimba ya miezi tisa na kifafa cha mimba. Anatikisika, macho yamegeuka, hajui yuko wapi. Alikuwa mwanachama miaka kumi na moja. Aliletwa na mdogo wake, Subilaga, ambaye mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Dirishani alikaa Ikupa, karani wa mfuko pale hospitalini, mwaka wa kumi na tatu kwenye kiti hicho. Ikupa aliingiza kadi ya Tumpe kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwambia kitu ambacho tayari alikuwa anakijua: mwanachama huyu alijifungua mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu aliyejifungua alikuwa Subilaga. Alikuja anavuja damu, hana bima, na dada yake alikuwa amemtia kadi mkononi. Ikupa aliitazama picha ya kwenye kadi, akautazama uso uliokuwa mbele yake, akaitazama damu sakafuni. Akaandika "Tumpe Mwaisaka". Mtoto aliyetokana na uandishi huo ndiye alikuwa sasa mgongoni, ananyonya kidole, ushahidi kamili.

Ombi la upasuaji likaenda makao makuu, kwa Lwitiko Mwambuluma, mkaguzi wa madai, mwaka wa kumi na moja kwenye mfuko. Lwitiko ni mtu anayenyoosha karatasi za wenzake zikikaa upande. Alisoma ombi, akasoma kumbukumbu, akasema kwa sauti, kama mtu anayesoma gazeti, kwamba hapa kuna kadi imejifungua mara mbili ndani ya miezi minne. Akaifunga kadi, kama sheria ilivyoagiza. Kisha akampigia Ikupa, akauliza swali moja: kati ya wazazi hawa wawili, Tumpe ni yupi?

Ikupa angeweza kusema kompyuta imekosea. Kompyuta zilikuwa zinasingiziwa kila siku. Badala yake akasema huyu aliye hapa sasa ndiye Tumpe, yule wa mwezi wa tatu hakuwa Tumpe, na mimi nilijua.

Nyuma ya kizuizi cha mbao, chumba hichohicho cha Lwitiko, alikaa Daktari Kokuhirwa, daktari mshauri wa mfuko, Mhaya kutoka Bukoba, mwaka wa kumi na mbili kwenye mfuko na bado anawaambia watu wa kusini kwamba ndizi zao ni za kulishia mifugo. Yeye na Lwitiko walitaniana kutwa nzima, na siku nyingine hawakutaniana. Alisikia kila neno la Lwitiko. Aliuliza mgonjwa ana nini. Alipoambiwa kifafa cha mimba, alisimama.

Hospitali, mjue, ilikuwa haikatai mgonjwa. Hakuna hospitali inayokataa mgonjwa. Ilikuwa inamwomba asubiri namba ya idhini.

"Lwitiko," akasema daktari, "mtu anatikisika, wewe unakagua."

Lwitiko akamjibu kwamba kadi imefungwa na kwa kadi iliyofungwa hakuna namba. Daktari akasema namba ipo, iko kwenye vidole vyake. Akaketi, akaingia kwa jina lake mwenyewe, akatoa namba, akaituma. Hakuuliza kadi ni ya nani, hakuuliza mwezi wa tatu kulitokea nini, hakungoja kusikia. Ilikuwa saa tatu na nusu. Hospitalini wakaanza kukimbia.

Mtu mwingine hapo angekunja mikono, akasema haya, umechukua mzigo, ubebe. Lwitiko hakukunja. Alisema, akijisemea, kwamba kama mwezi wa tatu hakuwa Tumpe, basi kila kilichoandikwa mwezi wa tatu si cha Tumpe, na madaktari sasa hivi wanasoma mwili wa mtu mwingine. Akaifungua kumbukumbu ile mstari kwa mstari. Mmoja ulisema mama alichomwa sindano ya penisilini, hakudhurika. Akaondoka mbio hadi stoo, kwenye makabati ya zamani, akavuta faili la mama yao akina Tumpe, la wakati Tumpe alikuwa binti kwenye kadi ya mama na Subilaga hajajua kutembea. Kwenye karatasi iliyogeuka rangi, kwa mwandiko wa Tusajigwe mwenyewe wa enzi za dirishani, palikuwa pameandikwa: binti amechomwa penisilini, amevimba, pumzi imekatika, amepona kwa shida, asichomwe tena kamwe.

Alipiga simu chumba cha upasuaji. Sindano ilikuwa kwenye trei.

Wakaibadilisha. Tumpe akapasuliwa. Mtoto akalia. Mama akafungua macho siku ya pili, akauliza maji.

Na Mama Mkurugenzi alikuwa wapi? Alikuwa ukumbini, na kamati ya sherehe, anaulizwa keki ya kumuaga iwe na rangi gani. Habari alizipata mchana, zikiwa zimekwisha. Aliwashukuru, akafunga mlango wa ofisi yake, akaitoa fomu ile. Jina alilokuwa ameliamua lilikuwa la Lwitiko. Akagundua kwamba hawezi tena kuliandika bila kwanza kujibu maswali mawili: kwa nini si daktari, na kwa nini si Ikupa.

Habari ikapanda vilimani kabla ya jioni, na Alhamisi wakashuka wajumbe wa wachuma chai, saba, wakiongozwa na Bi. Kissa, mwanamke ambaye hata nyampara wa shamba alimwamkia kwa kuinama. Bi. Kissa alisema hawakuja kuomba msamaha wa mtu, wamekuja na neno dogo. Ikobe, machela inapofikisha mgonjwa naye akapona, siku ya kushukuru sahani ya kwanza hupewa yule aliyeshika upande wa kichwani kwenye mteremko wa mwisho, pale penye utelezi. Wengine wote wanakula, lakini sahani ya kwanza ni yake.

"Tumesikia kuna kiti," akasema Bi. Kissa. "Sisi tunasema kiti ndiyo sahani. Apewe aliyeshika kichwani."

Tusajigwe akauliza ni nani huyo. Hapo wajumbe wakaanza kutazama dirishani. Ikatokea kwamba watatu wanasema ni Ikupa, wawili wanasema ni daktari, wawili wanasema ni yule kijana wa makaratasi, na kwamba walikuja kwenye gari moja bila kusemeshana tangu daraja la pili.

Mkurugenzi akawaita wote watatu, akawakalisha mbele ya wajumbe. Akasema hapa si mahakamani, la nani afukuzwe kwa sheria ataliamua atakayekalia kiti, na hakuna aliyeombwa kulia. Kila mmoja aseme alichofanya na kwa nini kiti kiwe chake, kama anakitaka.

Lwitiko alianza, kwa sababu alikuwa ameandika.

"Mama, mimi sikuifunga kadi kwa roho mbaya. Nisingeifunga, nisingeuliza. Nisingeuliza, Ikupa asingesema. Ikupa asingesema, nisingekwenda stoo. Nisingekwenda stoo, leo tungekuwa matangani. Kufuli ndilo lililomwokoa Tumpe. Na kufuli hilo ulilitengeneza wewe, mimi nimelitunza. Mfuko huu una watu wengi ambao hatutawaona kamwe, na kinachowalinda ni kwamba karatasi inasema kweli. Mimi ndiye ninayehakikisha inasema kweli."

"Kufuli lako lilimwokoa na sindano," akasema Daktari Kokuhirwa. "Nani alimwokoa na kufuli?"

Wajumbe wawili wakapiga vigelegele vifupi. Bi. Kissa akawatazama, wakaacha.

Daktari hakuwa ameandika kitu. Alisema kifafa cha mimba hakijui stoo iko wapi. Dakika zile alizotumia Lwitiko kupekua, mgonjwa alizitumia kufa. Kama namba ingengojea faili, faili lingefika, safi, limenyooshwa pembe, na kumkuta Tumpe chini ya shuka. Alitoa namba kwa jina lake, si kwa jina la mfuko, ili ikiharibika iharibike kwake. Mtu wa kukalia kiti hiki, alisema, awe mtu anayejua kwamba bima iliundwa ili mtu atibiwe, mengine ni mapambo. Lwitiko akamkumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba namba ile ilikwenda hospitalini ikiambatana na kumbukumbu ya mwili wa mtu mwingine, na kwamba daktari mzima, tena wa Bukoba, hakuisoma.

"Sikuisoma," akakiri daktari. "Na kama tunagawana lawama, Mama, naomba tugawane vizuri. Nani aliandika kwamba mdogo wako wa damu si mtu wa kadi yako?"

Wote walijua nani aliandika. Tusajigwe alisema, "Mimi," kama mtu anayeitika jina darasani. Akasema yeyote ambaye angeketi pale na meno arobaini na moja mezani angeandika hivyohivyo, ila yeye baada ya hapo alikuwa na miaka kumi na tisa ya kurekebisha na hakurekebisha. Akamgeukia Ikupa.

Ikupa alikuwa na hotuba fupi.

"Mwezi wa tatu nilisema uongo, mtoto akazaliwa na mama yake akapona. Mwezi wa saba nilisema kweli, mtoto akazaliwa na mama yake akapona. Vyote viwili nilivisema nikijua vinanifukuzisha kazi. Hawa wenzangu, kila mmoja alikuwa na mgonjwa mmoja. Mimi nilikuwa na wawili."

"Na uongo wako ndio ulioiweka sindano kwenye trei," akasema Lwitiko.

"Ndiyo," akasema Ikupa. "Na hujui ni siku ngapi sijalala kwa hiyo trei. Lakini usinifanye niseme kwamba Subilaga angerudishwa nyumbani."

Bi. Kissa akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, na wale wajumbe watatu wa Ikupa wakajikohoza kwa ushindi.

Sasa Tusajigwe aliuliza lile swali lililomleta pale. Maana wote mmesikia madai yao, na kila dai limesimama wima. Lakini yeye hakuwa anamtafuta shujaa wa Jumatatu moja. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa miaka, Jumatatu zote, na nyingi yeye hatakuwapo. Akawauliza mmoja mmoja: ukirudishwa asubuhi ile, hujui mwisho wake, ungefanya nini?

Lwitiko akafikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya kila kitu. Akasema angeifunga kadi.

Daktari hakufikiri. Angetoa namba, alisema, na asingengoja kusikia habari za stoo.

Ikupa alichukua muda mrefu kuliko wote. Alisema mwezi wa saba angesema kweli tena. Halafu akasema, akimtazama Mama Meno machoni, kwamba na mwezi wa tatu angeandika tena "Tumpe Mwaisaka".

Basi hapo hesabu ikawa mbaya. Kila mmoja alikuwa mkweli, kila mmoja hakujuta, na kila mmoja akibaki peke yake kuna mtu anakufa. Lwitiko peke yake, Tumpe anafia kwenye benchi la kusubiri idhini, faili lake likiwa safi. Daktari peke yake, Tumpe anaingia haraka chumba cha upasuaji, anafia kwenye sindano. Ikupa peke yake, akiendelea kuwaonea huruma walio mbele ya dirisha, mfuko wote unarudi kwenye yale meno, na siku moja dirisha linafungwa kwa kila mtu, wenye kadi na wasio nazo. Na akiondolewa Ikupa kwenye hadithi tangu mwanzo, Subilaga na mwanawe hawapo.

Mjumbe mmoja mvivu akasema basi wapewe wote watatu. Tusajigwe akamwonyesha fomu. Mstari mmoja. Akamwambia kwamba aliwahi kuona kampuni yenye wakurugenzi watatu wa pamoja kule ghorofa ya kumi na moja. Kila mmoja alijua sana kwamba barua fulani ilitakiwa iandikwe na mwingine.

Alibaki mtu mmoja wa kuuliza. Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho ya fomu, alikwenda hospitali mwenyewe. Alimkuta Tumpe amekaa kitandani, mtoto kifuani, na Subilaga kwenye kiti, na wake kifuani, hivyo kitandani na kitini palikuwa na matokeo yote ya mtanziko yananyonya. Tumpe alijaribu kusimama kumwamkia. Tusajigwe akamzuia. Kwanza akamwambia la sheria, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha ndoana kwenye chambo: ameazimisha kadi, atakaa nje miaka miwili, na kipengele cha kuwaingiza ndugu kwenye kadi kitapelekwa mkutano mkuu, ila hakitarudi nyuma kumwokoa. Tumpe akaitikia kwamba alijua wakati anampa mdogo wake kadi, na kwamba miaka miwili ni michache.

Halafu Tusajigwe akavuta kiti, akamweleza yote, wajumbe, sahani, mteremko, na akamwuliza: kati ya hawa watatu, aliyekushika kichwani ni nani?

Tumpe alimtazama kwa upole wa mtu anayemhurumia msomi.

"Mama, mimi nilikuwa nimezimia," akasema. "Anayebebwa hamwoni aliye kichwani kwake. Anaona mbingu."

Tusajigwe akacheka. Alicheka mpaka mtoto mmoja akaacha kunyonya. Akawabariki wote wanne, akarudi kwenye gari, akaegemeza fomu kwenye goti.

Alijua sasa kwamba hakuna atakayemsaidia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu jambo hilo halikumsumbua. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi kwenye kiti hicho peke yake. Alikuwa mkaguzi asubuhi, daktari mchana, na mara mbili au tatu, ambazo hajamwambia mtu, alikuwa Ikupa. Aliyefaa kukikalia hakuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mtu ambaye kasoro yake mfuko ungeweza kuibeba. Hilo aliliona wazi. Akatoa kalamu, akaandika jina moja, mwandiko wake uleule wa dirishani, akaweka saini kwa mkono wake, hakugonga muhuri. Saa sita kamili fomu ilikuwa mezani kwa bodi, na bodi, kwa maajabu, haikubishana.

Kiti kile kina mtu mpaka leo. Ofisini wanamjua, Ikobe wanamjua, na Bi. Kissa alipolisikia jina alisema neno moja tu, wajumbe saba wakarudi nyumbani kwenye gari moja wakiongea wote kwa pamoja.

Lakini hapa jina hilo halitatajwa, maana likitajwa mtasema ndilo mlilokuwa nalo. Fomu ni hii, mstari ni mmoja, kalamu mnayo. Aliyefunga na kupekua, aliyefungua bila kusoma, au aliyesema uongo na kweli kwa kinywa kimoja. Mfuko ni wenu, na mgonjwa wa kesho huenda akawa wa nyumbani kwenu.

Je, nani alistahili kiti?